Tajiri wa Sehemu Moja ya Kumi

Siku hizi hakuna pongezi inayoniudhi kama ile ya nyumba. Nimekwenda maziko Mwanakwerekwe, udongo haujakaa sawa, mtu ananivuta kanzu pembeni: "Yakhe, nyinyi watu wa Miembeni mmelalia dhahabu." Nikaitikia Inna lillahi, maana sikujua kama pole ile ni ya marehemu au ni yangu. Hiyo dhahabu nimeilalia tangu nizaliwe. Usiku wa masika inanidondokea usoni.

Kwa asiyetujua, Miembeni ni mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja. Ukichungulia dirishani unayaona matreni ya Michenzani, yale majengo marefu ya fleti, Mnazi Mmoja unakwenda kwa miguu, na Darajani unafika, unanunua samaki na kurudi kabla nazi haijakunwa. Zamani hakuna aliyeziita hizo sifa. Mtu alikaa Miembeni kwa sababu baba yake alikaa Miembeni, na baba yake alikaa hapo kwa sababu hakuwa na nauli ya kukaa mbali. Leo ghafla tumekuwa lokesheni. Neno hilo kaniletea dalali, na tangu alilete sina raha.

Dalali wa zamani ulimjua. Kofia ya kiua, meno ya tambuu, na kila nyumba anayoiuza keshakula pilau ndani yake. Akikutajia bei anakutajia na kasoro zake, kwamba ukuta wa nyuma unanyonya maji na mwenye nyumba ana mke mwengine Bumbwini ambaye siku moja atakuja kudai. Wa sasa anakuja na kijana wa kurusha kidege cha kupiga picha. Kidege kikapaa juu ya bati langu, kikateremka uani, kikamkuta mke wangu anaosha vyombo na kanga moja. Mkutano wa uwekezaji ukavunjika kwa mwiko.

Alirudi kesho yake, peke yake, ananong'ona. Bei aliitaja kwa shilingi, maana tangu mwaka 2025 ni marufuku nchini kutangaza bei kwa fedha za kigeni. Lakini ukimtazama unaona anasita kabla ya kila tarakimu, midomo inamcheza, anageuza dola kimoyomoyo. Zilipotoka zilikuwa milioni nyingi mno, mpaka mama, aliyekuwa pembeni anachambua mchele, akauliza kama tunazungumzia nyumba yetu au jumba la Beit el-Ajaib.

"Bi mkubwa, Beit el-Ajaib iliporomoka tangu 2020," dalali akamjibu. "Hii yenu imesimama."

Ndiyo sifa pekee aliyoitaja ambayo sikuweza kuipinga. Fundi wangu angeweza.

Kisha akasema thamani imepanda. Nikamuuliza, ikipanda inakwenda wapi? Mwenye duka la kona haipokei. Nimejaribu kumwambia aniandikie kilo mbili za sukari kwa jina la thamani, akacheka na kulifunga daftari. Ninachokiona mimi kupanda ni kila kitu kinachoizunguka. Fundi bomba akija, kabla hajagusa mfereji analitazama kwanza ghorofa la jirani, ndipo anapanga ujira. Kijana wa kuzibua karo, ambaye nilimjua akiwa mtoto wa chuoni anakimbia viboko vya maalim, naye sasa ananiambia, "Si unajua mtaa wenyewe, mzee." Mtaa umefanya nini? Karo ni ileile, na kilichomo ndani yake hakijapanda daraja.

Na hebu tukubali kuwa dhahabu ipo. Ni ya nani? Mpwa wangu kasoma sheria, nikampa makaratasi ayaangalie. Akayageuza, akayageuza tena, akasema, "Mjomba, ardhi si yako." Akanieleza kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma, na sheria ya 1992 inampa mtu haki ya kuitumia tu, udongo wenyewe hamiliki. Nikamuuliza cha kwangu basi ni kipi. "Vilivyojengwa juu yake." Yaani kuta, bati na choo. Serikali imejiwekea ile sehemu isiyovuja.

Tena hata vilivyo juu yake si vyote. Uani kwetu pana mwembe. Unguja kwetu mtu anaweza kuwa na mti wake katika uwanja wa mwenzake, ni dasturi ya zamani kuliko hati zote mlizonazo makabatini. Mwembe huu ulipandwa na babu wa watu wa Jang'ombe kabla ukuta wetu haujajengwa, na mpaka leo ni wao. Embe zikiiva wanakuja na vikapu, wanatoa salamu nzuri sana, wanauliza hali ya mama, wanachuma, wanatuachia zilizoliwa na popo. Majani tunafagia sisi. Mizizi inayopasua karo nayo imeangukia upande wetu wa hesabu.

Wazee wa Ng'ambo walishawahi kuchoka na mambo ya namna hii. Enzi hizo mtu alijenga kibanda chake kwa udongo na makuti yake, uwanja ukawa wa tajiri, na kila mwezi akadaiwa kodi ya kiwanja. Mwaka 1928 wakagoma kulipa. Mabibi zetu nao walikuwamo, wamejifunga vibwebwe. Ningependa mmoja wao afufuke dakika tano tu aje amwone mjukuu wake akimlipa mtu wa kupima, akimlipa mtu wa kuchora, akimlipa mtu wa kupiga muhuri, na mwisho akimshukuru kila mmoja.

Sasa tuje kwa wenye nyumba, maana hapo juu nimesema "nyumba yetu" na "bati langu" kwa mazoea tu ya mdomo. Babu ndiye aliyejenga. Alipofariki, bibi alikuwa keshatangulia, akaacha watoto watatu: baba yangu, ami, na shangazi. Kwa mirathi yetu mwanamume anachukua mara mbili ya mwanamke, hivyo nyumba ikakatwa mafungu matano. Baba mawili, ami mawili, shangazi moja. Kisha baba naye akafariki. Mama, kwa kuwa ni mjane mwenye watoto, akachukua thumni ya haki ya baba, na kilichobaki tukagawana wanaume wawili na wanawake watatu. Nimeipiga hesabu hii kwa kalamu, nikaipiga kwa simu, nikaipeleka kwa maalim. Jibu ni lilelile. Mimi namiliki sehemu moja ya kumi.

Sehemu moja ya kumi ya nyumba ya vyumba sita, ukumbi na ua ni kitu gani? Nimechukua futikamba ya fundi nikapima. Ni choo, pamoja na ujia wa kuendea chooni mpaka kizingiti cha jiko. Nikisimama ukumbini navuta pumzi kwa hisani ya ami.

Ami yuko Muscat. Aliondoka miaka ya sabini, wakati Waunguja wengi wenye jamaa Oman walipokuwa wakielekea huko, akapata kazi nzuri, akazeeka vizuri, na sasa ana kiyoyozi mpaka chumba cha gari. Dada mmoja yuko London, wa pili Dubai, wa tatu Chake Chake. Kaka yupo Dar es Salaam, safari ya boti ya asubuhi na kurudi jioni, na kila mwezi anasema atakuja mwezi ujao. Watoto wa shangazi wako Toronto, isipokuwa mmoja aliyeolewa Mombasa, ambaye ndiye mkali kuliko wote. Sote tumo katika grupu la WhatsApp liitwalo Nyumba ya Babu. Picha ya grupu ni nyumba yenyewe, lakini ya zamani, ikiwa imepakwa chokaa.

Masika yaliyopita nilituma picha ya bati lililotoboka. Sikuandika kitu, nilidhani tundu linajieleza. Muda si mrefu nikapokea mikono ya dua, mikono mingine ya dua, uso unaolia, "Allah atie wepesi", sauti ndefu ya ami akisimulia jinsi babu alivyoyaleta mabati yale kutoka Malindi kwa gari la ng'ombe, na ua waridi kutoka Toronto lililoandikwa Ijumaa Mubarak, ingawa ilikuwa Jumanne. Pesa haikuja hata ya msumari.

Nikasema basi tuuze, tugawane, kila mtu ashike chake. Hapo ndipo grupu lilipoamka. Watu ambao sikuwahi kujua kuwa wamo walijitokeza. Dada wa London alirekodi kilio. Wa Mombasa akanikumbusha siku ya kiyama, tena kwa utaratibu, kituo baada ya kituo. Ami akanipigia kabisa, kwa upole wa kutisha, akauliza, "Mwanangu, una shida ya pesa?" Nikamwambia nina shida ya bati. Akasema atalifikiria.

Siwalaumu sana. Kwa mtu aliyeko Toronto nyumba hii haivuji. Inanukia udi na biriani ya Idi, babu yuko barzani na tasbihi yake, watoto wanalala jamvini uani chini ya mwembe wetu. Wanasema mwembe wetu. Nimechoka kuwaeleza.

Kukarabati nako kuna mabaraza yake. Nilitaka kuvunja choo, hiki choo changu, haki yangu kisheria, nikaweke cha kukaa kwa ajili ya magoti ya mama. Ami akataka achorewe ramani. Wa Dubai akashauri tuchukue bei kwa mafundi watatu tulinganishe. Kaka akasema tusubiri kwanza afike, alione suala kwa macho. Suala lilikaa hivyo, linaonekana kwa macho, mpaka mama akaniomba simu. Hakuwahi kusema kitu katika grupu lile. Akaishika simu chini ya kidevu, akarekodi: "Nyinyi subirianeni. Mimi pia nasubiri. Tumbo ndilo halisubiri." Pesa ziliingia kabla ya Magharibi, na zikazidi.

Ukishazipata pesa ndipo unajua kuwa unaishi kisiwani. Saruji inavuka bahari, nondo zinavuka bahari, vigae vinavuka bahari, na kila kilichovuka bahari kinakufikia na gharama ya boti na ya bandari mgongoni. Chetu wenyewe ni mchanga. Nao kwa sababu tumeuchimba ovyo mpaka mashamba yakabaki mashimo, sasa unachimbwa na kusafirishwa kwa kibali. Yaani nimezungukwa na mchanga pande zote, watalii wanapanda ndege kuja kuulalia, na mimi nasubiri lori moja la kujengea choo. Fundi akanishauri tuchote ufukweni usiku. Nikamkatalia. Nyumba za ujanja huo nazijua. Chumvi inaila nondo, nondo inavimba, dari linatema zege, na mtu anaamka anakishukuru chandarua.

Wakati mimi napigania lori, jirani wa upande wa kaskazini alikwishamaliza. Yule hakuwa na grupu. Aliuza kwa mtu ambaye hadi leo namjua kwa gari lake tu, na mtu huyo akabomoa, akapandisha ghorofa la vyumba vya wageni. Babu aliijenga nyumba yake akijua pepo. Madirisha yanatazamana, mlango wa mbele na wa uani mstari mmoja, ili kaskazi ikianza kuvuma, hiyo Disemba mpaka Machi joto likiwa limekaza, upepo uingie huku utokee kule. Sasa unaingia ukutani kwa jirani na kutokea sijui wapi. Viyoyozi vyake vyote vinatema joto upande wangu, na maji yake yanadondoka barzani kwangu, mahali hasa tunapoweka ubao wa dhumna. Nilimwendea msimamizi. Akanisikiliza kwa heshima zote, akaniambia nisiwe na wasiwasi, maji ya kiyoyozi ni safi.

Wageni wenyewe sina ugomvi nao. Wanasema jambo na mambo, wanatabasamu, na alfajiri wanaburura masanduku ya magurudumu juu ya mawe ya uchochoro, nikiwa ndiyo kwanza nimerudi kulala baada ya Sala. Mmoja aliniuliza neno la siri la intaneti. Alinikuta nimekaa nje na msuli, akadhani ndiyo idara husika. Mwengine akaandika maoni yake kuhusu mahali alipofikia, na mpwa wangu akanisomea: vyumba visafi, maji ya moto yapo, mtaa una uhai wa kweli, na nje hukaa mzee mmoja mchangamfu sana. Mzee mchangamfu ni mimi! Watu wanalipia chumba kwa ajili yangu, na soda sijaletewa.

Uhai wa kweli wenyewe unahama. Mwalimu wa skuli aliyepanga nyuma yetu kaambiwa alipe kodi ya mwaka mzima mbele, kahamia Fuoni. Nesi kaenda Tunguu, analipa daladala mbili kurudi kazini palepale alipokuwa akifika kwa miguu. Sensa ya 2012 ilituhesabu Zanzibar watu 1,303,569, na ya 2022 ikakuta 1,889,773. Tumeongezeka zaidi ya nusu milioni, na hakuna hata mmoja aliyebaki karibu na kwangu anayejua kucheza dhumna. Dhumna inataka watu wanne. Tupo wawili na paka.

Huyo wa pili anatokea Michenzani. Kwao walivunjiwa kibanda wakapewa fleti katika yale majengo marefu ya enzi za Mzee Karume, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Haya mazungumzo yetu ya thamani anayasikiliza kama mtu anayesikiliza mpira wa timu za nje. Yeye shida yake ni ngazi. Maji yakikatika anapanda na ndoo mpaka juu, na akifika, anasema, keshasahau alikuwa anataka kupika nini.

Nikitaka kujihisi tajiri namwendea binamu yangu Mji Mkongwe. Nyumba yake ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari la boriti za mikoko, na vyumba vyembamba na virefu, kwa sababu boriti haikui zaidi ya ilivyokua huko mkokoni. Akitaka kubadilisha dirisha aombe ruhusa. Dirisha lenyewe liwe la mbao. Akipaka saruji mahali pa chokaa ukuta unashindwa kupumua, unyevu unabaki ndani, na siku moja ukuta unakuja chini kumwamkia. UNESCO iliuingiza mji ule katika urithi wa dunia mwaka 2000, kwa hiyo nyumba yake, au angalau uso wake wa njiani, ni urithi wa wanadamu wote. Nikamwambia, "Wallahi umenishinda. Warithi wako ni wengi kuliko wangu." Akaniuliza kama wangu wanachangia. Tukanywa kahawa kimya kimya.

Dalali, akiona sipati usingizi, akanishauri niwashawishi jamaa tuuze kisha fungu langu nilitie katika fleti Fumba, ng'ambo ya uwanja wa ndege. Huko ndiko mji mpya unakokwenda, na tangu sheria ya fleti ya 2010 hata mgeni anaruhusiwa kumiliki yake. Mpwa akanipeleka. Ni pazuri, nisiseme uongo. Barabara zina kingo, miti imepandwa kwa mstari na kila mti ni wa aliyeupanda. Nilimuuliza kijana wa mauzo, mwezi ukifika katikati nani atanikopesha mchele. Akaniuliza kama nimeshazungumza na benki yangu.

Nikamuuliza umeme ukikatika je? Akatabasamu, pana jenereta. Kijana yule nadhani alikuwa bado mdogo giza lilipotuingia. Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka bara, na unaibukia hukohuko Fumba. Mwaka 2008 ulikatika mwezi mzima, na Disemba 2009 ukaondoka tena, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu. Majenereta yalinguruma mpaka mafuta yakawashinda wenyewe, pasi za mkaa zikatoka makabatini, na samaki akaliwa siku aliyovuliwa au hakuliwa kabisa. Waya mkubwa zaidi ulizinduliwa 2013, nasi tunashukuru. Lakini ile miezi, usiku, waliokuwa wakija kulala ukumbini kwetu ni jamaa na marafiki wenye nyumba za kisasa, za madirisha ya vioo yasiyofunguka vizuri. Walileta na mito yao. Kaskazi ilikuwa inapita moja kwa moja, ghorofa la jirani halijazaliwa. Hiyo ndiyo thamani niliyowahi kuiona kwa macho yangu, na dalali hakuniletea mnunuzi. Pongezi nazo hazikuja. Kilichokuja ni mtu kuuliza kwa nini chai imechelewa.

Mwezi huu ami kaleta mpango. Kaziona zile picha za jirani katika simu, na maoni kayasoma yote. Chumba cha mbele na viwili vya kuliani viwe vya wageni. Mama ahamie cha nyuma, ambako ndiko kwenye kivuli cha mwembe. Nyumba ipakwe nyeupe, zitundikwe kandili za shaba, na mlango wetu uliooza ung'olewe, uchongwe mpya wa nakshi, kisha usuguliwe mpaka uonekane wa zamani. Mapato yatagawanywa kwa mafungu, kila mtu na haki yake, maalim atasimamia hesabu.

Sijawahi kuliona grupu likichangamka vile. Tundu la bati lilipata mikono ya dua, rangi nyeupe imepata pesa taslimu. Toronto walituma kabla ya Isha. Dada wa London kachagua mapazia. Wa Mombasa, bila kutaja kiyama, kauliza kama wageni watapenda mahamri au vitumbua. Kaka kasema anakuja Jumamosi, na safari hii naamini, maana kaomba vipimo vya vyumba.

Na mimi nimepangiwa zamu. Kupokea masanduku, kupika chai ya tangawizi, kuchota maji mota ikigoma, kuzungumza na kijana wa karo, kuwaomba radhi wageni kwa ajili ya popo, na jioni kukaa nje nikiwa mchangamfu, kwa sababu hilo limeonekana kuwa na soko. Choo changu kitakuwa cha pamoja.

Nikaandika, kwa adabu zote, nikitanguliza salamu kwa kila mmoja kwa jina lake, nikauliza mshahara wangu katika mpango huu utakuwa kiasi gani. Ami akajibu kwa niaba ya familia.

"Mshahara wa nini tena, mwanangu, na wewe unakaa bure?"